Kituo Gani? Neno Moja, Milango Mingi

Mkazi wa Lugulu akiambiwa "nenda kituoni", anaweza kushika njia zaidi ya kumi. Kuna kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha kupigia kura, kituo cha mtihani, kituo cha mafuta, kituo cha magari ambacho wengi wetu hukiita steji, na hata kituo cha redio kinachosikika jikoni asubuhi. Maana zote hizo ni Kiswahili sahihi. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea, kwa kuwa msikilizaji anajua kinachozungumziwa.

Tatizo huanza neno hilo linapoandikwa kwenye tangazo, kwenye fomu au kwenye ujumbe wa simu, na msomaji akalichukua kwa maana aliyoizoea. Mkulima hupoteza nauli, mgonjwa hupoteza muda, na mpiga kura huweza kupoteza kura yake. Makala haya yanaeleza neno "kituo" lina maana gani katika kila idara, huduma gani hupatikana wapi, na kila kituo kiko chini ya nani.

Neno lilikotoka

"Kituo" limetokana na kitenzi "tua", jinsi "kipimo" lilivyotokana na "pima" na "kifungo" na "funga". Kutua ni kushuka, kukomea au kuweka chini. Mama hutua mtungi, ndege hutua uwanjani, jua hutua magharibi. Maneno "tulia" na "utulivu" ni ya ukoo huohuo. Ndiyo maana mtu asiyetulia huambiwa kwamba hana kituo.

Zamani za misafara, kituo kilikuwa mahali ambapo wapagazi walitua mizigo, wakapika na kulala kabla ya kuendelea na safari. Katika eneo letu la magharibi, mji wa Mumias ulijulikana kwa kazi hiyo. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda mwishoni mwa karne ya 19 ilipumzika na kununua chakula katika makao ya Nabongo Mumia. Reli ilipofika katika miaka ya 1920 ikipitia Webuye, wakati huo ikiitwa Broderick Falls, na Bungoma, neno lilihamia kwenye treni bila kubadilika. Mahali pa kushusha abiria na mizigo palikuwa kituo cha reli.

Maana ya msingi haijatoka hapo. Kituo ni mahali ambapo jambo hutua. Kinachotofautisha kituo kimoja na kingine ni kile kinachotua hapo: mzigo, mgonjwa, shauri au kura.

Kituo cha afya si kila mahali penye dawa

Katika mazungumzo, wakazi wengi huita "kituo cha afya" sehemu yoyote yenye muuguzi na dawa. Katika mpangilio wa afya wa Kenya, jina hilo lina maana moja tu. Sheria ya Afya ya 2017 inagawa huduma katika viwango sita. Kiwango cha 1 ni huduma za jamii, zinazotolewa na wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Kiwango cha 2 ni zahanati. Kiwango cha 3 ndicho kituo cha afya. Kuanzia kiwango cha 4 ni hospitali, na kiwango cha 6 ni hospitali za kitaifa za rufaa.

Zahanati hushughulikia magonjwa ya kawaida kama malaria na kuhara, chanjo za watoto, upangaji uzazi na kliniki za wajawazito. Kituo cha afya huongezea huduma za maabara na vitanda vya kujifungulia, na mgonjwa anaweza kulazwa kwa muda mfupi. Upasuaji, ukiwemo wa kumtoa mtoto, na kuongezewa damu ni kazi za hospitali ya kiwango cha 4 kwenda juu.

Kwa mama mjamzito tofauti hiyo inaweza kuwa ya uhai. Dalili za hatari wakati wa ujauzito ni kutokwa na damu, degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, homa kali, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Anayeona mojawapo hapaswi kusubiri siku ya kliniki. Akianzia zahanati, aeleze dalili hiyo mara tu anapofika bila kungoja foleni, na aulize kuhusu rufaa na ambulansi mapema. Kila familia inayotarajia mtoto inashauriwa kujua, kabla ya mwezi wa tisa, hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji ni ipi na nani atapigiwa simu usiku.

Jina la mahali huamua pia ni nani anayelipa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliondoa NHIF, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Katika mpango huo, matibabu ya zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, na mwananchi anahitaji kujiandikisha tu. Hospitalini, kuanzia kiwango cha 4, gharama hulipwa na hazina ya bima, ambayo humfaa mtu aliyelipa mchango wake. Kwa hiyo mtu anayesema "nimejiandikisha, nitatibiwa bure kila kituo" anaweza kushangazwa na bili akilazwa hospitalini. Kujiandikisha hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya wa kijijini.

Jambo moja halitegemei kiwango wala mchango. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo inahusu hospitali za umma na pia za kibinafsi na za makanisa.

Kituo cha polisi na kitabu cha matukio

Polisi nao wana ngazi. Kituo cha polisi huongozwa na mkuu wa kituo, anayejulikana kwa kifupi OCS. Chini yake kuna vituo vidogo na kambi za doria, ambazo mara nyingi ndizo zilizo karibu na vijiji. Taarifa inaweza kupelekwa popote kati ya hapo, lakini mlalamishi ahakikishe imeandikwa katika kitabu cha matukio, maarufu OB, na aondoke na nambari yake. Bila nambari hiyo ni vigumu kufuatilia kesi au kudai fidia ya mali iliyoibwa.

Mambo mengine matatu yafaa kukumbukwa. Kwanza, fomu ya P3, ambayo polisi hutoa na mhudumu wa afya hujaza ili kueleza majeraha, haiuzwi. Pili, bondi ya polisi haina malipo. Tatu, kwa mujibu wa kifungu cha 49 cha Katiba, aliyekamatwa hupaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, afikishwe siku ya kazi inayofuata.

Kuna wakati ambapo swali la "kituo gani kwanza?" lina jibu moja. Mtu aliyebakwa au kunajisiwa aende kwanza kwenye kituo cha kutoa huduma za afya, ikiwezekana kabla ya kuoga au kubadilisha nguo. Akibadilisha, nguo hizo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi na kupelekwa pamoja naye. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Matibabu hayahitaji barua ya polisi wala nambari ya OB, na katika hospitali za umma hayalipishwi. Mhudumu atajaza fomu maalum ya uchunguzi, kisha taarifa ipelekwe polisi. Familia nyingi hufanya kinyume: huanzia kwa mzee wa kijiji, zikaenda kwa chifu, kisha polisi, na kufika hospitalini siku ya nne wakati muda wa dawa umepita. Nambari ya simu ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo saa zote, na 116 ni ya watoto.

Kituo cha kupigia kura ni chumba, si shule

Hapa ndipo neno limewahi kufika hadi mahakamani. Wakazi husema "kituo changu cha kura ni shule fulani." Kwa sheria, shule hiyo ni mahali pa kujiandikishia. Kituo cha kupigia kura ni sehemu moja ndani yake, kwa kawaida darasa moja, yenye sanduku, karani na orodha yake. Sheria ya Uchaguzi imeweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo. Shule iliyoandikisha watu 1,500 itakuwa na vituo vitatu, na majina hugawanywa kwa mpangilio wa alfabeti.

Mpiga kura anayesimama kwenye foleni ya darasa lisilo lake anaweza kusimama saa tatu kisha aambiwe jina lake halimo. Dawa ni rahisi: kusoma orodha iliyobandikwa langoni au kumuuliza karani kabla ya kujiunga na foleni. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa tayari kwenye foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura.

Uzito wa kituo ulielezwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 23 Juni 2017, katika kesi kati ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka na mwanaharakati Maina Kiai pamoja na wenzake. Majaji walisema kituo cha kupigia kura ndipo mahali halisi ambapo mpiga kura hutoa uamuzi wake, na kwamba matokeo yanayotangazwa mashinani hayawezi kubadilishwa na maafisa wa makao makuu Nairobi. Tangu hapo fomu ya 34A, inayojazwa kituoni wakati wa kuhesabu kura za urais, imekuwa karatasi muhimu kuliko zote. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na picha za fomu hizo ziliwekwa wazi kwenye mtandao wa tume ili kila Mkenya azisome. Nakala hubandikwa pia mlangoni mwa kituo. Mkazi ana haki ya kuisoma na kuipiga picha.

Uchaguzi Mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Jambo hili linawagusa sana wakazi wa Lugulu ambao wamewahi kufanya kazi Kitale, Eldoret au Nairobi na wakajiandikisha huko. Aliyejiandikisha Kitale atamchagulia Trans Nzoia gavana, hata kama watoto wake wanasoma Webuye Magharibi na maji anayokunywa ni ya Bungoma. Anayetaka kura yake itue nyumbani lazima aombe mwenyewe kuhamishiwa kituo kipya katika ofisi ya tume ya eneo bunge, mapema, kabla ya usajili kufungwa. Hakuna anayeweza kumhamishia.

Vituo vya mkulima na vya mwanafunzi

Kwa mkulima, neno hili lina sura kadhaa. Kituo cha hali ya anga cha Kitale hupima mvua na joto, na vipimo vya aina hiyo ndivyo vinavyotumika kutabiri mwanzo wa mvua za masika. Kituo cha utafiti cha Kitale nacho kimebadilisha mashamba ya eneo hili lote. Kazi ya kuboresha mahindi ilianza hapo mwaka wa 1955, na mwaka wa 1964 ikatoa mbegu chotara ya 611, iliyowapa wakulima wa nyanda za juu mavuno makubwa kuliko mbegu za kienyeji. Mbegu nyingi za mfululizo wa 600 zinazopandwa Bungoma hadi leo zina asili yake katika kituo hicho.

Kisha kuna kituo cha mbolea. Mkulima aliyesajiliwa katika mpango wa ruzuku wa serikali ya kitaifa hupokea ujumbe wa simu unaoeleza idadi ya mifuko na mahali pa kuichukua. Mahali panapotajwa ndipo pa kwenda. Duka la pembejeo lililo karibu si kituo cha mpango huo isipokuwa ujumbe unasema hivyo. Kabla ya kukodi pikipiki au pikapu, mkulima asome ujumbe hadi mwisho na athibitishe kwamba mbolea imefika.

Kwa mwanafunzi, kituo cha mtihani ni shule iliyosajiliwa na Baraza la Mitihani la Kenya. Nambari ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11: nane za kwanza ni za kituo, tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Mzazi anayetafuta matokeo kwa simu na kukosea tarakimu moja ya mwanzo amehama shule bila kujua. Mtahiniwa wa kibinafsi naye achague kituo mapema, kwa kuwa hapo ndipo atakapofanya mtihani na kuchukulia cheti.

Darasani, mwanafunzi huyohuyo wa Lugulu hukutana na neno hili katika ushairi. Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, mahali ambapo wazo hutua. Katika tarbia, shairi lenye mishororo minne kwa kila ubeti, kituo ni mshororo wa nne. Ukirudiwa katika kila ubeti huitwa pia kibwagizo au kiitikio. Katika uandishi, nukta na mkato huitwa alama za vituo, kwa sababu msomaji hupumzika hapo. Na kila Ijumaa Kuu, Wakatoliki hutembea Njia ya Msalaba yenye vituo 14, wakisimama na kusali katika kila kimoja.

Kituo ni cha nani?

Malalamiko mengi yanayofika katika ofisi za wadi ni ya kweli, lakini yamefikishwa mlango usio wake. Ratiba ya Nne ya Katiba ndiyo inayogawa kazi.

Serikali ya kaunti inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, ambulansi, vituo vya elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, masoko, na huduma za maafisa wa kilimo nyanjani. Dawa zikikosekana katika zahanati ya umma, au mwalimu wa chekechea asipofika kazini, malalamiko yapelekwe kwa msimamizi wa wadi au kwa mwakilishi wa wadi. Kaunti ya Bungoma ina wadi 45, na kila moja ina ofisi hizo.

Serikali ya kitaifa inasimamia polisi, shule za msingi na za sekondari, mitihani na hospitali za kitaifa za rufaa. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa, na msimamizi wa wadi ni wa kaunti, hata kama ofisi zao zinapakana. Mwenye malalamiko kuhusu mwenendo wa afisa wa polisi anaweza kuandika kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011.

Vituo vya kura haviko chini ya serikali yoyote kati ya hizo mbili. Ni vya tume huru. Hospitali ya Lugulu Friends, inayojulikana sana na wakazi, ni ya Kanisa la Friends, na suala la huduma au bili huanzia kwa usimamizi wake.

Mkazi anayetaka kujua kituo fulani kilitengewa fedha ngapi au kwa nini hakijafunguliwa ana haki ya kuuliza kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka nyumbani

Kuuliza si ujinga. Tangazo lolote linapotaja "kituo", mkazi ajiulize au aulize mambo manne.

Ni kituo cha nini? Neno linalofuata "cha" ndilo lenye maana. Tangazo linalosema "fikeni kituoni" bila kueleza zaidi halijakamilika, na mkazi ana haki ya kuomba lifafanuliwe.

Ni cha kiwango gani? Zahanati, kituo cha afya na hospitali hazifanyi kazi sawa, kama vile kambi ya doria na kituo kikuu cha polisi.

Ni cha nani? Jibu la swali hili huamua ni nani atakayewajibika huduma ikikosekana.

Jina langu limo humo? Hili ni swali la mpiga kura, la mkulima wa mbolea ya ruzuku, la mtahiniwa na la mwanachama wa SHA. Kituo kinaweza kuwa wazi na karani akawepo, lakini asiyekuwa kwenye orodha atarudi nyumbani mikono mitupu.

Wakazi wanaosaidia wazazi au majirani wazee kusoma ujumbe wa simu wanaombwa kuwasomea wote, pamoja na jina kamili la mahali, tarehe na saa. Wanaoandika matangazo ya vikundi, makanisa na shule nao wanahimizwa kutaja kituo kwa jina lake lote.